Micah arap Kemboi, Aliyewapa Samaki Mursik

Ndugu na marafiki, tumekuja kumsindikiza Micah arap Kemboi, mtunza bustani wa hapa Mau Narok, mume wa Jeruto. Marehemu aliomba kwamba atakaposomewa wasifu asiongezewe sifa. Tumejitahidi kumtii, na kusema kweli kazi haikuwa ngumu.

Micah alizaliwa karibu na Eldama Ravine. Cheti cha ubatizo kinasema ilikuwa mwaka 1915. Mama yake, Chepkosgei, alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ilikuwa 1914, na kwamba yeye ndiye aliyekuwepo, si karani.

Mwaka 1926 aliingia shule ya misheni akasoma miaka miwili. Masomo yalikatika siku mbuzi walipokula kitabu chake, naye akaogopa kurudi mikono mitupu. Hata hivyo hesabu hazikumtoka, na barua aliweza kuisoma polepole, akisogeza kidole.

Tarehe 4 Januari 1941 alimwoa Jeruto, ambaye alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili. Walipomuuliza ameona nini kwa Micah, alijibu, "Huyu akikosea, anasema." Nafasi ya kuthibitisha hayo Micah hakuikosa.

Kazi aliianza mwaka 1938 katika shamba la Bwana Hadley, akikamua ng'ombe. Mwaka 1947 mgongo ulimsumbua, akahamishiwa bustanini. Humo mlikuwa na kidimbwi cha saruji chenye samaki wekundu ishirini na wawili, wa kutazamwa tu. Micah hakuelewa kamwe kwa nini mtu afuge kitu kisichokamuliwa, kisicholiwa, na kisichobweka mwizi akija. Lakini kazi ni kazi.

Juni 1953 Bwana Hadley alisafiri kwenda Ulaya kwa miezi minne. Alimwita Micah mbele ya nyapara Masinde, akamwonyesha debe la biskuti zilizosagwa. "Wewe napa samaki kikombe moja asubuhi, kikombe moja jioni, kila siku. Samaki nakufa, wewe nafunga mizigo, narudi kwenu." Kwao hakukuwa na mahali pa kurudi, maana shamba la baba lilikuwa limekwisha kugawanywa. Jeruto alikuwa na mimba ya miezi sita na watoto watatu, na viazi vyao vilikuwa bado ardhini. Micah alikonda kabla hata ya bwana kufika stesheni ya Nakuru.

Julai ikaingia na baridi yake, ile inayoacha barafu nyembamba juu ya nyasi. Samaki walishuka chini ya kidimbwi wakatulia, na biskuti zikabaki zikielea. Sasa, Micah alilelewa akijua kwamba mgeni akikataa chakula, ama anaumwa ama umemkosea, na dawa ya yote mawili ni chakula bora zaidi. Akawapa mkate, wakakataa. Akawapikia uji wa wimbi, akaumimina ukiwa vuguvugu ili uwatoe baridi, wakakataa. Siku ya nne alishusha kibuyu cha mursik, maziwa ambayo Jeruto alikuwa amejiwekea, akayamimina yote. Kwetu hakuna heshima inayozidi hiyo. Kesho yake maji yalikuwa meupe, yananuka, na samaki watatu wanaelea matumbo juu.

"Baba Kipsang," Jeruto alisema, "mimba ni yangu, na mursik umepea samaki?"

"Nilitaka tusifukuzwe."

"Na wameshukuru?"

Aliyetuokoa ni Nabalayo, mke wa nyapara, mzaliwa wa ukingo wa Mto Nzoia. Alikuja, akanusa, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema, "Samaki ikishikwa na baridi haisikii njaa. Baba yangu, maji ya mlima ikishuka, alikuwa anaweka ndoano anangoja mpaka anasinzia. Hii chakula yako inaoza huku ndani, ndiyo inawaua. Toa maji kidogo kidogo, weka ingine, halafu usiwape kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua irudi, waje juu wenyewe kuomba."

Hapo ndipo Micah alipobanwa. Akitii amri ya bwana, samaki wangekufa naye afukuzwe. Akiwanyima, debe lingebaki limejaa, nalo ndilo ambalo nyapara alitakiwa kulikagua kila Jumamosi. Masinde alimuuliza, "Bwana akirudi niseme nini?" Micah akajibu, "Sema uliyoona. Mimi nitasema niliyofanya."

Akachota maji na kurudisha mengine kwa siku tatu. Kisha majuma sita hakuwapa hata punje. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Alikuwa anakwenda kula chakula chake cha mchana nyuma ya ghala, kwa sababu aliona haya kutafuna mbele ya wenye njaa. Septemba jua lilipokolea, samaki walipanda juu wakapanua midomo, na Micah akalia bila kujificha.

Oktoba bwana alirudi, akahesabu samaki kumi na tisa na debe lililobaki zaidi ya nusu. Mbele ya Masinde na Nabalayo, Micah alieleza yote, mpaka kibuyu. Bwana alivua miwani akauliza, "Mursik?" Kisha akacheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Micah hakufunga mizigo.

Julai mwaka huu alianza kukohoa, ikawa kichomi. Tarehe 28 alipelekwa hospitali mjini Nakuru, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 1958, alituacha, Jeruto akiwa amemshika mkono. Imetuuma sana. Nyumba imekuwa kimya, na hakuna wa kumtania.

Ameacha mjane Jeruto, watoto Kipsang, Jepkosgei, Cheptanui, na Kiprono aliyezaliwa Septemba ile ile, ndugu wawili, na samaki thelathini na wanne. Mwenye huruma ya kuwapelekea chochote tunamsihi asiwapelekee. Ni Agosti.

Bwana Hadley yupo nasi, amesimama safu ya mwisho, kofia mkononi, nasi tunamshukuru kwa jeneza. Siku ile ya Oktoba, alipomaliza kucheka, Micah alimuuliza swali moja: "Na mimi nikifa, bwana?" Bwana akajibu, "Hata wewe nakufa, mama Kipsang nakaa hapa, yeye na watoto." Masinde alisikia. Nabalayo alisikia. Wote wawili wako hapa, na nakala mia moja za karatasi hii zimekwisha kuchapwa.

Basi lala, Micah, upumzike kwa amani. Jeruto haendi popote.