Mama Haloo, Aliyemtafutia Binti Yake Dawati

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, poleni na asanteni kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, kwa yale aliyoyaona na yale marehemu aliyomsimulia mwenyewe katika miezi yake ya mwisho. Baadhi yake yatawachekesha. Chekeni tu, hakuna atakayewanunia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, siku ya mvua kubwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, ambaye ametangulia mbele ya haki, na mkewe, ambaye tumemketisha hapa mbele. Mama yetu husema kwamba mtoto huyo alizaliwa kimya hata mkunga akaingiwa na wasiwasi, na alipofungua mdomo kesho yake hakuufunga tena mpaka alipopelekwa shule.

Shule ya msingi aliisoma mwaka 1975 hadi 1981, papo hapo karibu na kiwanda, na sekondari akaimaliza mwaka 1985. Tusimpambe kupita kiasi: hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la pili. Lakini alikuwa na sauti. Mwalimu mkuu alimpa kazi ya kusoma matangazo kila asubuhi, na hata habari ya kufungwa kwa vyoo ikitoka kinywani mwake watu waliisikiliza kwa furaha. Baada ya hapo alisomea kazi ya simu kwa mwaka mmoja.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina kiti kimoja na ubao wa swichi. "Haloo, hospitali, nikuunganishe na nani?" Watoto wa mtaani walimwiga, na jina la Mama Haloo likamganda hata kabla hajawa mama wa mtu. Alikuwa bingwa wa uongo wa heshima. Akisema daktari yuko kwenye kikao, jua daktari anakunywa chai. Akisema yuko njiani, jua hajaamka. Wengi wenu mliijua sauti yake kabla ya sura. Daktari mmoja aliyekuwa akisalimiana naye kwa simu kila siku kwa miaka tisa alikutana naye kwenye korido akamuuliza, "Mama, wewe ni mgonjwa wa wodi gani?" Aliisimulia hadithi hiyo kwa kicheko. Watu wa kuwasimulia hakuwa nao wengi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1999 na fundi wa majokofu aliyeitwa hospitalini kutengeneza jokofu la dawa. Fundi huyo aliendelea kupiga simu kuulizia spea ambayo tayari ilikuwa mfukoni mwake. Walikaa muda mrefu bila mtoto, na tarehe 14 Juni 2005 wakajaliwa binti mmoja. Mama yake alimwita Bosi, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua watu wale saa ngapi, walale saa ngapi na taa ipi iwake.

Kufika miaka mitatu Bosi alikuwa hajasema neno. Kengele, mashine ya kusagia, hata mtu akicheka ghafla, vyote vilimtoa mbio akipiga mayowe. Aliuma watu, na alivunja vioo. Daktari alisema ni usonji, lakini kila mwenye mdomo mtaani naye alikuwa daktari: wa kudekezwa, wa kukosa viboko, wa jicho baya. Shule ya kwanza ilimvumilia wiki moja. Ya pili ilimvumilia mpaka aliporusha kiti. Ya tatu, mwalimu mkuu alimwita marehemu ofisini, akamkaribisha vizuri, kisha akamwambia, "Mama, mtoto wako tunampenda sana, ila tunampenda zaidi akiwa nyumbani."

Mwaka 2011 baba mtoto alihama. Marehemu aliagiza shemeji asisemwe vibaya leo, maana hakuacha kuleta matumizi, na yupo hapa. Basi hasemwi.

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao hakuwa msemaji. Mlezi wa mchana alibadilika kila mara, kwani hakuna aliyeumwa mara mbili akarudi. Mialiko ilipungua. Hakuna aliyemfukuza marehemu popote, aliambiwa tu, "Dada, karibu sana harusini, ukipata mtu wa kumwachia mtoto." Mtu huyo hakuwapo, na kila aliyealika alilijua hilo. Kwa kuwa Bosi hakustahimili sauti ya mtu akitafuna, marehemu alikula jikoni peke yake, ameelekea ukutani, polepole kama mwizi. Jumapili alisikia wageni wakipanda ngazi kwenda kwa majirani, wakipita mlango wake. Alimwambia mdogo wake, "Kutwa nzima naunganisha watu na watu wao. Nikifika nyumbani sina hata wa kumwambia leo miguu inauma." Alikuwa mpweke, na tukisema vingine tutakuwa tunamdanganya mbele ya jeneza lake.

Lakini hakukaa kujililia. Alisikia kwamba kuna shule moja yenye darasa la elimu maalumu, watoto wachache, mwalimu aliyesomea kazi hiyo na msaidizi wake. Nafasi zilikuwa haba, na jopo la tathmini la ofisi ya elimu ndilo lililoamua nani aingie. Kila mapumziko ya chai akawa anapiga simu ofisi hiyo. Karani akamjibu, "Afisa yuko kwenye kikao."

"Mwanangu," marehemu akamwambia, "hiyo hata mimi huwa naisema. Chai yake ikiisha, niunganishe."

Akaunganishwa. Mwaka 2013 akapewa siku ya kwenda mbele ya jopo, na hapo akafanya kosa ambalo mzazi wa mtoto wa namna hii peke yake ndiye angelifanya. Alimfanyisha Bosi mazoezi ya kukaa kitini. Alimpigia pasi gauni, akamsuka nywele kwa subira ya siku mbili, akamtia mkononi kipande cha waya wa simu uliojikunja, maana akiuzungusha ule waya hutulia. Siku hiyo Bosi aliketi kama binti wa waziri. Mwenyekiti wa jopo akamtazama, akauliza, "Huyu ndiye anayerusha viti?"

Na marehemu, kwa fahari ya uzazi, akajibu, "Ameshaanza kutulia, mheshimiwa."

Jopo likaamua kwamba mtoto hana shida ya kuhitaji darasa maalumu, apelekwe shule ya kawaida, na mzazi aongeze nidhamu. Rufaa haikuwapo. Ilibidi asubiri zamu nyingine, na zamu ile ilichukua miaka miwili, Bosi akiwa ndani ya vyumba viwili na pazia limefungwa. Marehemu hakujisamehe. "Niliwaonyesha mtoto niliyemtamani," alisema, "nikamficha niliye naye."

Mwaka 2015 walirudi. Safari hii hakupiga pasi kitu, na waya wa simu aliuacha nyumbani. Aliomba wapangiwe saa nne asubuhi, kwa sababu alijua ndipo kengele ya mapumziko inapolia katika shule ambamo jopo lilikutana. Ililia. Bosi aliruka, akapindua meza, akamuuma mwenyekiti mkono, akaanza kujigonga kichwa ukutani. Marehemu alijua la kufanya. Ni kumfunika shuka na kumlalia taratibu sakafuni, kisha kuhesabu kwa sauti ya chini mpaka pumzi irudi. Shuka alikuwa nayo mkobani. Lakini kwanza aliikalia mikono yake, akamwacha mwanawe alie mbele ya wageni, mpaka mwenyekiti akapaza sauti, "Mama, imetosha, tumeona!" Hapo ndipo alipokwenda sakafuni.

Walipotoka nje alilia njia nzima. Hakuwa na furaha hata chembe. "Nimemuuza mwanangu ili nimpatie mwalimu," alimwambia mdogo wake kwenye simu. "Alikuwa ananitafuta kwa macho, na mimi nimekaa." Mdogo wake alimwambia amefanya sawa. Akajibu, "Najua ni sawa. Ndiyo maana nalia."

Jibu lilimkuta kazini. Simu ikaita kama simu zote, naye akaipokea kama zote. "Haloo, hospitali, nikuunganishe na nani?" Sauti ya kike ikasema, "Natoka ofisi ya elimu. Kuna mama anafanya kazi hapo, yule wa mtoto wa darasa maalumu. Naweza kumpata?"

"Subiri kidogo nikuunganishe," akasema marehemu, akamweka kwenye muziki. Akakaa anautazama ubao, hajui abonyeze swichi ipi. Kisha akavuta pumzi, akarudi kwenye laini ileile, akasema kwa sauti nyingine, "Haloo?" Afisa akampongeza, nafasi imepatikana. Marehemu akashukuru, akakata simu, akafungua mlango atafute wa kumwambia. Kwenye korido kulikuwa na mfagiaji mmoja, akamwambia yeye.

Bosi alianza shule Januari 2016. Darasa lile halina kengele. Mwalimu huwasha taa ya kijani, watoto wakajua wakati umefika. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia marehemu, "Mama, nenda kazini, tupo naye." Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Hakwenda kazini; alikaa kwenye ukingo wa barabara mkabala na geti mpaka saa ya kutoka, asijue afanye nini na mikono yake. Mwaka wa pili Bosi alijifunza kufuma kwa uzi wa sufu. Mwaka wa tatu akasema neno lake la kwanza la wazi, nalo lilikuwa "mwalimu." Neno "mama" lilikuja miezi kadhaa baadaye. Marehemu alitusimulia akicheka, lakini ilimchoma, na alikiri hivyo.

Maumivu ya tumbo yalimwanza mwaka 2018. Wahenga walisema mganga hajigangi: mwanamke aliyewaunganisha watu na madaktari kwa miaka thelathini aliahirisha kumwona daktari, kwa kuwa kila siku ya miadi ilikuwa pia siku ya kumpokea Bosi getini. Februari 2019 iligundulika ni saratani, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Machi mdogo wake alihamia kwake, akafundishwa kazi: taa ipi, shuka ipi, na jinsi ya kula ukiuelekea ukuta. Agosti alilazwa, katika wodi iliyo ghorofa moja tu juu ya chumba chake cha simu. Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2019, mdogo wake alitaka kubaki naye kitandani. Marehemu alikataa. "Nenda, saa ya kutoka imefika. Asisimame getini peke yake." Mdogo wake akaenda. Marehemu alifariki saa tisa alasiri, na hakukuwa na mtu wake karibu.

Ameacha mama mzazi, mdogo mmoja, baba wa mtoto wake, na binti mmoja wa miaka kumi na minne.

Tangu asubuhi mmekuwa mkiuliza binti huyo yuko wapi, na wengine mmesema si vizuri mtoto wa pekee akose kumzika mama yake. Tumewasikia. Leo ni Jumatano, na Jumatano ni siku ya shule. Marehemu aliagiza akiwa na akili zake timamu: "Mkinizika siku ya shule, Bosi aende shule. Siku moja ikikatika, kumrudisha ni kazi ya mwezi. Msimtoe darasani kwa ajili yangu." Asubuhi hii alivaa sare, akashika mkono wa mama yake mdogo hadi getini, akaingia bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo dada yetu anazikwa bila yule aliyempenda kuliko sisi sote. Inauma, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Lala salama, Mama Haloo. Mtoto yuko darasani.