Herufi za Chuma Juu ya Mlango

Mpaka leo sijaelewa jina la ukoo la mwanamke mmoja liliwezaje kuwakosesha raha wanaume wanne ambao haliwahusu. Benchi letu la kahawa linatazamana na karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea mageti. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na desturi yake: geti halitoki pale bila jina la ukoo wao kuchongwa chini, kona ya kulia. Cheche alikuwa ametoka kuolewa. Asubuhi ile baba mdogo wa mumewe alimtuma Mchora Vibao afute jina hilo lililopakwa juu ya mlango wa karakana, aandike la ukoo wa mume. Cheche alimjibu, "Hapana," akashusha miwani yake, akaendelea kuchomelea. Mchora akaja kukaa nasi, kopo la rangi miguuni.

— Sasa nifanyeje? akauliza. Nikirudi hivihivi, mzee ataniona boya.

— Panda ngazi upake! akasema Breki, dereva mstaafu. Gari likiuzwa, kadi inabadilishwa jina.

— Kwani Cheche kauzwa? nikamuuliza.

— Usinipindishie maneno, msomi. Naongelea utaratibu.

Kinyozi akadakia:

— Mimi ushahidi ninao vichwani. Wateja wangu wote ambao wake zao waligoma kubadili jina wana vipara. Wote!

— Na wewe je? nikamuuliza. Mkeo anatumia jina lako, mbona kichwa kinang'aa?

— Hiki cha kazini.

— Ngojeni watoto, akasema Breki. Mtoto atatazama jina la mama, atatazama la baba, atachanganyikiwa, atahamia kwa jirani.

— Afadhali mtoto, akasema Mchora. Mageti je? Geti likishajua fundi kaolewa kwingine, litamtii nani? Utalala umelifunga, uamke liko wazi, linamtafuta mwenyewe.

Ng'ambo, mashine ilizimwa. Cheche akainua miwani.

— Nawasikia! Breki, geti lako lina jina la baba yangu. Nije nilikate?

Breki akazama kwenye kikombe.

— Geti halina shida, binti. Liache lilivyo.

Hapo ndipo alipotokea mama mzazi wa bwana harusi. Tukamwamkia, tukasogea apate kukaa. Hakukaa.

— Afadhali umekuja, mama, akasema Kinyozi. Mkweo anakataa jina lenu.

— Hebu nikuulize, mwanangu. Mimi naitwa nani?

— Si Mama Bwana Harusi!

— Na kabla sijamzaa?

— Mke wa Fundi Bomba, Mungu amrehemu.

— Na kabla hajanioa? Nimeingia mtaa huu benchi hili halijapigwa msumari. Jina la ukoo wangu nani?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akamtazama Mchora. Mchora akanigeukia mimi, msomi wa benchi, ninayesoma hata karatasi za kufungia vitumbua. Nami nikamgeukia Kinyozi.

— Basi huyu hamtamfuta hivyo, akasema mama, akavuka barabara.

Mambo yaliamuliwa mle karakanani, na watu watatu, bila sisi: jina libaki, tena lisiwe la rangi. Cheche alikata herufi za chuma mojamoja. Mumewe, ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza anataka nini, alipanda ngazi ya pili akazishikilia kwa koleo, naye Cheche, kwenye ngazi yake, akazichomelea juu ya mlango. Chini yake akaunga jina jingine, ambalo hatukuwahi kuliona popote. Mama mkwe akarudi nyuma, akalisoma kwa sauti, taratibu, kisha akatugeukia.

— Hilo ndilo la kwetu. Shemeji yangu aliyekutuma, Mchora, na aje mwenyewe na brashi yake.

Mchora akalifunika kopo.