Mama Pumua wa Maabara

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja na Shangazi wenu wa redioni. Leo tunamkumbuka mtunza maabara wa sekondari moja. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za kemia na kufunga mitungi ya gesi. Lakini kila Alhamisi, masomo yakiisha, alisogeza viti, akatandika maboksi sakafuni, akawafundisha wanafunzi yoga na kutafakari. Wakampa jina: Mama Pumua.

"Vuta, mbili, tatu, nne. Achia. Wewe, shusha mabega! Nani kakutwika gunia?" Darasa zima linacheka, na msongo wa mawazo unapungua hapo hapo.

Mimi nilimdhihaki, tena hewani, kwenye kipindi hiki hiki. Nilisema kulala sakafuni hakumfaulishi mtu. Mungu anisamehe.

Siku ya mtihani wa majaribio aliwalaza dakika tano tu, watulie. Lo! Wakapitiwa na usingizi wote. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Mkuu wa shule akaja juu. Mama akamjibu polepole, "Mkuu, hawa hawajalala wiki nzima. Waache kidogo." Wakachelewa dakika ishirini, na yeye akapewa barua ya onyo.

Mmoja tu hakulala. Binti yake Mama Pumua, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapo hapo, alikuwa nje kwenye ngazi, kajifanya hamjui. Juzi nilikwenda kumpa pole. Akaniambia, "Shangazi, nilimwona mama ananiaibisha. Kila Alhamisi alinitandikia boksi langu karibu na mlango. Sikulilalia hata siku moja."

Mama Pumua alifariki wiki tatu zilizopita. Moyo ulisimama ghafla, akiwa kazini. Na mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Ndiyo, Jumatatu hii. Binti wa watu anajaribu kupumua kama mama alivyofundisha.

"Najaribu kuhesabu, Shangazi. Nafika nne vizuri tu. Lakini ni sauti yangu. Mimi namtaka mama anihesabie."

Nililia, wasikilizaji. Mtu mzima na akili zangu.

Familia, poleni sana. Mwanangu, pole. Sina maneno ya kuliziba pengo hilo, na sitajifanya ninayo. Ila nyie wenzangu mlio na mtoto wa mtihani chumba cha pili, na sauti bado mnayo: zimeni redio. Hata hii yangu, zimeni. Nendeni mkakae naye.