Gari Haliwaki kwa Maksai: Kumuaga Fundi Specioza Maige

Baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu hapa Bariadi, Fundi Specioza Maige anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kwa kuziba pancha. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na sauti yake bado inasikika mpaka getini.

Specioza hajui kunong'ona wala kushindwa. Magari ya otomatiki yalipoanza kuingia, wengi wetu tuliyaogopa kama ukoma. Yeye alilifungua la kwanza, akapanga vipande vyake kwenye turubai na kutukataza hata kupiga chafya.

Lakini siku yake kubwa ilihusu gari la wagonjwa la kijiji cha Lingeka, wilayani Meatu, nalo la otomatiki. Lilizima kijijini, likagoma kuwaka. Vijana walilisukuma wakachoka. Wazee wakafunga maksai wanne wa jembe, wakalivuta huku wanaimba. Wapi! Tukaletewa habari kwamba giaboksi imekufa, na kikao kilichoitishwa kuamua hatima ya gari hilo kikaelekea kulihamishia mjini moja kwa moja. Kwa mjamzito wa Lingeka, hiyo ilimaanisha kurudi kwenye mkokoteni.

Specioza aliingia kikaoni na feni mbili za mezani. Aliziweka zitazamane, akawasha moja tu. Upepo wake ukaizungusha ya pili. Akaeleza kwamba kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna chungu cha chuma kilichojaa mafuta, chenye mapanga pande mbili. Injini huzungusha upande mmoja, mafuta yakausukuma wa pili, nguvu ikaenda kwenye magurudumu. Ndiyo maana gari husimama likiwa kwenye gia bila kuzima. Ila injini ikizima, pampu ya mafuta nayo inalala, na hata ukilivuta kwa ng'ombe wote wa Meatu, nguvu ya magurudumu haiifikii injini. Maksai hawakuwa na kosa, wala giaboksi. Yeye alishuku betri.

Alikwenda Lingeka mwenyewe na betri mpya. Gari likawaka hapo hapo, na jioni hiyo likamfikisha hospitalini Sayi, mke wa Luhaga, akiwa na uchungu wa mapacha. Wote watatu walitoka wazima.

Wiki iliyopita wazee wa Lingeka walimletea Specioza mtamba wa kumuaga. Walioshika kamba ni Kulwa na Doto, watoto wa Sayi, sasa wako darasa la nne. Hatukuwahi kumwona Fundi akilia. Siku hiyo alilia kwa sauti ile ile ya kufika getini, na sisi tukamfuata.

Asante, Fundi, kwa kazi na hata kwa makaripio. Uwe na afya tele, zizi lijae, na watoto hao wasiache kukuita bibi.