Bi Mwanawema wa Rafu ya Sayari

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba, Bi Mwanawema Mjaka anastaafu. Maktaba yetu inabaki na Samiha, Fahmi na mimi. Wasomaji watuombee dua.

Mambo yalianzia kijijini kwao Ole, alipokuwa na miaka tisa. Gari ya sinema ilikuja, shuka jeupe likatundikwa uwanja wa skuli, ikaonyeshwa filamu ya watu waliosafiri kwenda sayari ya mbali. Mwenye mashine akaanza na mkanda wa mwisho. Basi wasafiri walizeeka kwanza, wakazikana, kisha wakaagana na wake zao wakaondoka vijana. Wakubwa walinung'unika wakenda zao. Bi Mwanawema alibaki, akiamini huko juu ndivyo watu wanavyoishi. Alipokuja kujua kosa, alikuwa keshanasa.

Hapa kazini alijenga rafu nzima ya hadithi za kubuni za sayansi, kitabu kimoja kimoja. Aliyekuja kuazima kitabu cha kilimo cha muhogo aliondoka na viwili, cha pili cha roketi. Mimi nilikuwa nikivirudisha nikidai nimesoma. Siku moja akaniuliza nahodha wa chombo alikufa vipi, nikajibu kwa homa. Kumbe hakufa. Mpaka leo tukiamkiana huniuliza kama marehemu nimeshamsomea hitima.

Mwaka juzi alianza kupanga vitabu kichwa chini. Tulimtania, hakucheka. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alisema nuru iliyopotea hairudi. Tangu hapo akawa anasoma mbio, pua ikigusa karatasi, kama mtu aliyeanika karafuu na mawingu yameshafunga. Mwezi wa Machi vilibaki vitabu kumi na kimoja ambavyo hajavifungua. Alivifunga kamba, akatwambia tuvirudishe rafuni, yeye basi tena.

Hatukuvirudisha. Kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu atakwenda Ole kumsomea. Nimeanza mimi, msomaji mbovu kuliko wote. Kurasa kumi na mbili, akanisahihisha majina ya sayari mara nane. Kisha akanambia nisome taratibu, hana haraka tena.

Bi Mwanawema, maneno haya anakusomea Samiha, maana karatasi haikufai. Ahsante kwa yote uliyotufunza, hata tuliyoyakwepa. Mola akujaalie mapumziko yenye afya na raha, na subira ya Jumamosi zangu.