Shanga Zilizolala Kwenye Kopo la Vifungo

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Kipkosgei zima hiyo redio, kwa sababu sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kushindana na matangazo. Chelimo, niinulie mto. Maxine, mke wa mwanangu huyu, usirudi jikoni. Acha sufuria ichemke yenyewe, maana maneno ya leo mengi ni yako.

Shamba baba yenu aliwagawia kabla hajafa, kila mtu anajua mistari yake ya chai, msinisumbue nayo. Cherehani na kibanda cha Litein ni vya Chelimo. Lakini ukirithi kibanda, binti yangu, rithi na macho. Mteja akija na shanga ndefu mkononi, tazama kwanza shingo ya gauni lake. Gauni lililofunga shingo, lisilo na maua, ndilo linalozitaka, zishuke mpaka karibu na kitovu, zionekane. Kitenge chenye maua makubwa hakihitaji kitu, mwambie aziache nyumbani. Kwa shati la kola, zipite chini ya kola. Na sweta likivaliwa, shanga ziwe juu ya sweta, maana watu wa huku kwa baridi yetu tunanunua vitu vizuri halafu tunavifunika mpaka kanisani. Anayekwenda kuchuma chai azivue, zisinaswe na matawi. Hayo nimewafundisha wanawake miaka thelathini na mmoja, wengine wakitoka Sotik na Kabianga kunitafuta mimi, Chepyegon fundi, mpaka nikajiona hakimu wa shingo za watu. Kujiona huko ndiko kulikoniponza.

Maxine, mama, siku ile mlipoletwa hapa kutoka kanisani, ulishuka garini na gauni nililokushonea mwenyewe, kifua chote lesi na lulu, wiki tatu za macho yangu. Juu ya lesi ulikuwa umevaa shanga ndefu za rangi ya udongo, kuukuu, zimefika kiunoni. Sikuuliza. Niliona kazi yangu imefunikwa mbele ya wageni, nikakusogeza kando, tena si kando sana, nikasema, "Hizi ni za kuvaa na leso ya jikoni, si na gauni langu," nikazivuta. Uzi ukakatika. Zikamwagika kwenye nyasi, wageni wakacheka, na wewe ukacheka nao, na mimi mjinga nikadhani umecheka kweli.

Shangazi yako Elmina, wakati wa kuaga, ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba zilikuwa za marehemu mama yako, aliyechuma chai ya watu maisha yake yote akiishi kwenye nyumba za laini, vile vyumba vya wafanyakazi wa mashamba makubwa, na hakukuachia kitu kingine. Mama yako alikuja kwenye harusi yako kwa njia hiyo tu, na mimi nikamfukuza. Tangu siku hiyo, miaka tisa, sijaona kitu shingoni mwako. Umenipikia, umenibeba kwenda kuoga, na kila ukiniinamia naiona hiyo shingo tupu na moyo unaniuma.

Kesho yake nilipiga magoti kwenye umande, siku mbili, nikaziokota moja moja kwa vidole hivi vilivyozoea kuchuma chai, majani mawili na chipukizi. Nyingine ziliingia kwenye mistari ya chai, sikuziona tena. Nikazitunga upya kwa uzi wa nailoni, na palipopungua nikaweka vifungo vya shati, sita. Halafu nikashindwa kukupa. Kila Krismasi nilisema ni leo, nikaogopa utaniuliza mbona nimechelewa, nikazirudisha kwenye kopo langu la vifungo. Ni kiburi, mama, hakina jina lingine.

Chelimo, liko chini ya kitanda. Lilete, mpe. Usilie, Kipkosgei, utanimalizia pumzi.

Siku ya kunizika, mimi mnivike gauni la kijivu, bila chochote shingoni. Maxine avae lile jeusi lililofunga shingo, na shanga hizi juu yake, na hata mvua ikinyesha asizifunike, atembee karibu na jeneza, wote waliocheka siku ile wazione. Mtu akikuuliza vifungo hivyo ni vya nini, mwambie ukweli. Na kama hutaki kuzivaa, mama, usizivae. Sitakuamulia tena cha shingoni.

Mungu awape... ngoja nipumue. Awape maziwa ya kutosha na watoto wanaowasikiliza. Kaeni pamoja. Inama, Maxine, nikutemee mate ya baraka kifuani, kama nilivyotemewa mimi...

Unafanya nini? Unazivaa sasa? Na leso ya jikoni, na unga mikononi... Vuta kidogo hapo mbele. Hapo.

Chelimo, njoo uone. Nilikosea... Zimemkaa.