Sinia Lililofutwa

Kamugisha, karani wa bandarini, alipanda basi la Temeke akiwa na aibu ya mwanawe. Jana Theonest alialikwa chakula na ukoo wa Husseinali, wanaosomesha vijana Makerere, naye akala mpaka akafuta sinia! Alivyolelewa Kamugisha, mgeni mwenye adabu huwabakizia watoto wa nyumba. Basi baba mtu alikuwa anakwenda kuomba radhi.

Kiti cha mbele, mwalimu mmoja alikuwa akibishana na bibi wa Kihindi, ingawa wenyewe wangesema wanashauriana.

"Bibi Rubabbai, Theonest tumeshamchukua akasomee udaktari Makerere, sawa. Lakini mwenzake ana alama nzuri zaidi."

"Na jana wali wetu aliuacha! Kwetu sie Mabohora punje haitupwi. Theonest kafuta sinia. Mie mwenyewe nitamlea, kila likizo aje kwangu."

"Mlezi wake ni mie, bibi. Wewe utamnenepesha tu."

"Kwani daktari mwembamba ndiye anayeponya?"

Kamugisha akashusha pumzi. Wale wawili walikuwa hawajaafikiana basi liliposimama.

"Mzee, si ulisema unashuka hapa?" kondakta akauliza.

"Twende tu, mwanangu. Kosa nililokuwa nalipeleka limeishia njiani."